Siku Niliyokwenda Kuomba Kura kwa Wakwe Zangu

Ziwa liliingia kwanza katika darasa la kwanza, kwa sababu ndilo lililojengwa chini kuliko mengine. Hayakuwa mafuriko ya ghafla. Maji ya Tanganyika yalipanda polepole, msimu hadi msimu, na sisi tukawa tunasogeza madawati kuelekea ukutani, tukisema yatarudi. Asubuhi moja nilifungua mlango nikakuta samaki wadogo wanakatiza chini ya ubao. Watoto walifurahi sana. Mimi nilisimama mlangoni nimeshika ufunguo, sikujua niufanyie nini.

Nilikuwa direktrise, yaani mwalimu mkuu, wa shule hiyo ya msingi, huko chini Uvira, mahali ambapo zamani ulikuta barabara, mstari wa nyumba, bustani za mboga za lengalenga, kisha mchanga, kisha ndiyo ziwa. Mchanga ulitangulia kupotea. Bustani zikafuata. Kuta za nyumba zilipoanza kulainika na kuanguka, familia zilibeba mabati yao na kuhamia kwa ndugu upande wa milima. Shule haina ndugu wa kuhamia kwake. Tulikwenda kuomba kwa mchungaji mmoja wa jirani, naye akatupa kanisa lake kwa siku ambazo hakukuwa na maombi. Madarasa yote yakaingia katika ukumbi mmoja. Darasa la pili wakiimba herufi, darasa la tano wanapigiwa kelele za hesabu, na mwalimu wa la sita anazungumza kwa mikono kama bubu. Wadogo wakaanza kukosa kuja, mmoja leo, wengine kesho. Nikikutana na mama zao sokoni waliangalia pembeni.

Mimi ni mtoto wa huko huko chini. Baba alikuwa mvuvi wa ndagala, yaani dagaa, na hakuwapenda wanasiasa hata kidogo. Kila kampeni walimpa kofia na fulana, naye akazivaa ziwani mpaka zikachanika, akisema angalau hizo zimefanya kazi. Mama alianika samaki na kuwauza. Ndiye aliyekuwa na mdomo katika nyumba yetu. Watu wa kodi walipokuja ufukoni na madai mapya, wanawake wenzake walimsukuma mbele, naye alisema taratibu, bila kutukana, mpaka wale wanaume wakaanza kujieleza. Nilikuwa nimesimama nyuma ya kitenge chake, nikisikia mgongo wake unavyotetemeka. Kwa mbele hawakuliona hilo. Nadhani kila nilichofanya baadaye kilianzia pale, ingawa nilichukua miaka mingi nikidhani nataka tu kuwa mwalimu.

Baada ya mwaka mzima wa kanisani, komite ya wazazi iliamua twende Bukavu, mji mkuu wa jimbo, kuomba kiwanja cha shule mahali pa juu. Tulikuwa watu wachache: mimi, baba mmoja fundi seremala, na mama mmoja mjane aliyekuwa akiuza mikate karibu na bandari. Safari ile ilituchosha, na ofisi zilituchosha zaidi. Kila tulipoingia tulisikilizwa kwa heshima na kuelekezwa mlango mwingine. Mwisho karani mmoja mpole alituonea huruma.

“Mama Direktrise,” akasema, “shida yenu ni ya kweli. Lakini hapa hakuna mutu anaisema. Depite wenu ni nani?”

Tulimtafuta huyo depite, yaani yule tuliyemtuma kutusemea katika bunge la jimbo. Tulimkuta akishuka ngazi, simu sikioni. Hakuwa mtu mbaya. Alitusalimia vizuri, akaomba tumweleze haraka.

“Hiyo shule iko wapi?” aliuliza. “Iko Uvira, ao iko kule Fizi?”

“Iko Uvira, baba. Chini kabisa, ku ziwa.”

“Kwani maji imefika kule?”

Fundi seremala aligeuza uso. Mimi nilijibu kwamba ndiyo, yamefika, na depite akaahidi kufuatilia, akaingia ndani ya gari. Nilimwamini. Nadhani hata yeye alijiamini. Hatukumsikia tena.

Tulipokuwa tunarudi, gari likishuka kuelekea uwanda wa Ruzizi, yule mama wa mikate aliyekuwa amelala, kichwa kwenye dirisha, akafumbua macho.

“Weye unajua kusema,” aliniambia. “Juu ya nini usikuwe weye?”

“Nikuwe nini?”

“Depite.”

Nilicheka. Fundi seremala hakucheka. Mama yule alifumba macho tena, kana kwamba jambo limekwisha. Mimi nilibaki nikitazama mashamba ya mpunga yakipita, yale ya Bwegera ambayo mume wangu alizaliwa kando yake, nikajaribu kutafuta sababu ya kukataa. Nilizipata nyingi. Mimi ni mwanamke. Sina chama. Nina watoto. Siasa ya kwetu inachafua watu. Lakini kila sababu niliyoipata, niliona ingemfaa pia mtu mwingine yeyote, na hivyo hakuna ambaye angekwenda.

Nilimwambia mume wangu jioni ile ile, tukiwa tunakula bugali na sombe ya majani ya muhogo. Yeye ni mwalimu wa hesabu, mtu wa maneno machache. Alimaliza tonge lake.

“Unataka, ao batu banataka?” aliuliza.

“Batu banataka. Na minye naanza kutaka.”

“Basi tutaona na Mama.”

Alikuwa anamsema mama yake, mama mkwe wangu, anayeishi Bwegera na kulima mpunga hadi leo. Mimi ni mtu wa ziwa, wao ni watu wa uwanda, wasemaji wa Kirundi, Wakatoliki wa misa ya kila Jumapili. Nilipoolewa, alinipokea bila kelele na bila shangwe. Alinifundisha kupanda miche ya mpunga nikiwa nimevaa viatu vya mji, akanitazama nikizama topeni hadi magoti, kisha akanivuta kwa mkono mmoja. Tangu hapo tulipendana kwa namna yetu, bila kusema. Nilipomweleza habari ya kugombea, alisema tu, “Mungu akusaidie,” akaendelea kupepeta. Nilidhani hiyo ni baraka.

Kampeni ilipoanza, radio moja ya mji ilinialika. Nilieleza habari ya shule, na ya familia zilizopoteza nyumba, nikasema serikali ina wajibu wa kuwatafutia ardhi watu ambao ziwa limewafukuza. Ndivyo nilivyosema, na sikuongeza kitu. Neno hilo lilipofika Runingu, lilikuwa limeshageuka: direktrise anataka watu wa ziwa wapewe ardhi ya uwanda. Lilipofika Mutarule, ilikuwa ni mashamba ya mpunga. Na lilipofika Bwegera, ilikuwa nimekwisha kuahidi mashamba fulani kwa watu fulani, na nitaanza na shamba la ukoo wa mume wangu, kwa sababu hilo nalijua mipaka yake.

Simu ya mama mkwe ilikuja mchana, nikiwa nyumbani na watu wa kampeni. Hakunipigia mimi, alimpigia mwanawe. Mume wangu alisikiliza amesimama, akasema “ego, Mama” mara kadhaa, yaani ndiyo, kisha akakaa.

“Amesema nini?” niliuliza.

“Amesema usikanyage kwake.”

Wale watu wa kampeni walikuwa wema wote, wazazi na walimu wenzangu. Walinishauri niache Bwegera. Kura za kule hazitafika popote, walisema, na hasira iko nyingi, mtu anaweza kutupiwa kitu. Tubaki mjini tunakojulikana. Ushauri ulikuwa mzuri. Lakini usiku ule sikulala, wala uliofuata, na nilipokuwa nikijigeuza kitandani sikuwa nafikiria kura. Nilikuwa nafikiria watoto wangu, wataingiaje kwa bibi yao baada ya hapa. Kama ningeshinda kiti na kupoteza nyumba ile, ningekwenda Bukavu kusemea watu gani?

“Tutaenda Jumapili,” nilimwambia mume wangu.

“Twende,” alisema.

Tulipanda taksi ya asubuhi. Tulipita Kiliba, tukapita Runingu, watu wakiwa njiani na nguo za ibada, na mimi nilijikuta nazungumza kimoyomoyo Kirundi changu kibovu kama mtoto anayekariri somo. Bwegera tulifika misa ikiwa inaanza. Tuliingia tukakaa nyuma. Mama mkwe alikuwa safu ya mbele upande wa akina mama. Wakati wa kupeana amani alipeana na walio karibu naye, hakugeuka. Watu waligeuka, wakatuona, wakanong'onezana. Sikumbuki hata neno moja la mahubiri.

Baada ya misa watu hawakwenda makwao. Walikusanyika kwenye uwanja ulio mbele ya mashine ya kukoboa mpunga, mahali wanapotandika mashiti, yaani maturubai, na kuanika mpunga. Siku ile hakukuwa na mpunga, kulikuwa na watu tu, na vumbi la pumba. Kiongozi wa wakulima, mwanaume wa makamo aliyesoma darasa moja na mume wangu, aliniletea benchi lakini hakuniambia nikae.

“Tumesikia,” alisema kwa Kiswahili ili nisije nikasingizia lugha. “Sasa tunataka kusikia kwako. Ni kweli unatwaa mashamba yetu unapa bantu ba ku ziwa?”

“Si kweli,” nilisema. “Nilisema serikali itafute ardhi. Sikusema ardhi yenu.”

“Ardhi ingine iko wapi?” mtu alidakia. Wengine wakaitikia. Mwanaume mmoja alisema wanasiasa wote huanza hivyo, akaondoka zake, na wawili watatu wakamfuata. Nilijaribu kueleza habari ya shule, ya watoto ndani ya kanisa. Niliona nyuso zinanisikiliza nusu nusu. Hawakuwa wakatili. Walikuwa wanangoja jibu la swali lao, na mimi nilikuwa nawapa jibu la swali langu.

Ndipo mama mkwe aliposimama. Ni mwanamke mfupi, na alipotembea hadi katikati watu wote walimpisha. Aliongea Kirundi. Hakunitazama, aliwatazama wao.

Alisema kwamba akiwa bado mama kijana, mume wake akiwa hai, mkubwa mmoja alikuja na gari akapima upande wa shamba lao ulio karibu na mfereji. Aliwaambia ni kwa faida ya wote. Wao walimpa maji ya kunywa, wakampa na kuku. Msimu uliofuata walikuta wafanyakazi wa mkubwa huyo wanapanda humo. Mume wake alikwenda kulalamika kila mahali pa kulalamikia, mpaka akachoka, na baada ya kuchoka hakuwa tena mtu yule aliyemwoa. “Sikuwaambia watoto,” alisema. “Nilitaka wakue bila chuki hiyo.”

Nilimgeukia mume wangu. Alikuwa ameshika ukingo wa benchi. Baadaye aliniambia alikuwa akikumbuka shamba hilo likiwa kubwa, na siku zote alidhani ni kwa sababu alikuwa mdogo.

Kisha mama mkwe akanigeukia mimi, na akabadili lugha, akaniuliza kwa Kiswahili mbele ya wote.

“Mukamwana wangu. Ukikaa kule na wakubwa, siku moja batakuambia, ardhi ya bantu ba ziwa ni hii ya Bwegera, weka mukono. Utafanya nini?”

Hakuna aliyewahi kuniuliza swali zuri kuliko hilo, katika kampeni nzima. Nilijua kuna majibu ambayo yangepigiwa makofi. Yalinijia yote kinywani. Nikakumbuka kwamba huyu ni mwanamke aliyenivuta topeni, na anajua uso wangu ninapodanganya.

“Mama,” nilisema, “mahali pa kuweka batu ba ziwa, bado sijui. Nitasema uongo nikisema najua. Batu bale ni ndugu zangu, siwezi kubasahau. Lakini kuweka mukono, siweki. Nitarudi hapa kubaambia, mbele ya mashine hii, kabla hakijaandikwa kitu. Na bakinilazimisha, nitaacha kiti, nirudi kufundisha.”

“Utaacha kiti?”

“Nitaacha, Mama.”

Mama mkwe akainama, akapangusa benchi kwa ncha ya kitenge chake.

“Basi kaa,” alisema. “Umesimama sana.”

Nilikaa. Niliogopa kwamba nitalia mbele ya wapiga kura. Mtu aliniletea maji katika kikombe cha plastiki. Kiongozi wa wakulima alianza kuuliza maswali mengine, ya mifereji, ya barabara, ya dawa za kituo cha afya, na yalikuwa maswali ya kawaida ya kumuuliza mtu ambaye huenda ukamtuma. Si wote waliokubali. Yule aliyeondoka hakurudi. Lakini tulipokwenda nyumbani kwa mama mkwe, alitangulia mbele, akafungua mlango, akaniambia viazi viko jikoni, nivimenye. Sikuwahi kumenya viazi kwa furaha kama ile.

Kura zilipigwa kwa amani katika mtaa wetu. Watu walipanga foleni tangu alfajiri, wazee wakiulizana namna ya kubonyeza ile mashine ya kupigia kura. Matokeo yalichelewa, kisha yakatangazwa, na mimi sikushinda. Mjini, nilikodhani napendwa, nilipata kidogo kuliko nilivyotegemea. Bwegera walinipa kura nyingi. Nilisikiliza radio hadi mwisho, nikaizima, nikasubiri huzuni. Ilikuja, nisiseme uongo. Ilikaa mchana mmoja. Wanafunzi walipita dirishani wakiniamkia kwa sauti za chini kama nimefiwa, nami nikatoka nikawaambia waseme kawaida.

Jioni simu ililia. Safari hii alinipigia mimi.

“Nimesikia,” mama mkwe alisema.

“Ndiyo, Mama.”

“Bamekukatalia.”

“Ndiyo.”

“Hakuna mutu alikuomba uweke mukono?”

“Hakuna, Mama.”

“Basi kuja. Mupunga imeiva, na mikono ni kidogo.”

Aliyeshinda ni mfanyabiashara wa mjini. Wiki chache baada ya kuapishwa alikuja kunitafuta mwenyewe kanisani, akasimama katikati ya kelele zile za madarasa yote, na ukumbi haukumruhusu hata kujitambulisha. Alikuwa ameona jinsi kura za uwanda zilivyokwenda, na hakuficha kwamba hilo ndilo lililomleta. Sikujali kilichomleta. Nilimpeleka hadi pale shule ilipokuwa, tukasimama kando ya maji tukitazama mapaa ya vyumba vyetu. Aliuliza maswali, na akayauliza tena Bukavu. Leo shule ina kiwanja upande wa mlima, vyumba vitatu vyenye paa na kimoja kinachosubiri bati. Watoto wadogo wamerudi. Kanisa limerudi kuwa la maombi, ingawa mchungaji ananiambia anazikosa zile kelele.

Familia za huko chini bado hazijapata ardhi. Hilo halijaisha, na ndiyo sababu nikiulizwa kama nitagombea tena huwa najibu ndiyo. Mume wangu husikia jibu hilo na kuendelea kusahihisha madaftari yake.

Lakini kilichobaki zaidi akilini mwangu ni ile wiki ya kuvuna. Tulikwenda sote, watoto pia. Nilikata mpunga toka asubuhi kando ya mama mkwe, hatukuzungumza siasa hata mara moja, alinisahihisha tu namna ya kushika mundu. Jua lilipokuwa kali alinituma ndani nipumzike. Nilijilaza juu ya mkeka kwenye chumba chake, dirisha likiwa wazi, nikiwasikia nje wakicheka na kupiga mpunga juu ya mashiti. Nilidhani nitafumba macho kidogo tu. Nilipoamka ilikuwa jioni, na mtu alikuwa amenifunika kitenge.